Mafuta Yasiyo na Mashapo

Ummy alisimamishwa mbele ya ukumbi mzima, akaambiwa aseme ana mtoto wa namna gani.

"Sema tu, shoga yangu, hapa ni nyumbani," Marcelina alimhimiza huku akimsogezea maiki mdomoni.

"Mtoto wangu ana usonji."

"Huko nyuma hawajasikia. Anaitwa nani? Ana umri gani? Anaongea?"

"Majidi. Ana miaka saba. Haongei."

Ukumbi ukaguna kwa huruma. Marcelina alikuwa amevaa koti jeupe la daktari, ingawa udaktari hakuwahi kuusomea. Alisoma na Ummy shule ya msingi Ujiji, dawati moja, na kabla ya kuanza kuuza virutubisho alikuwa akiuza mitumba hapohapo Katubuka. Lakini tusimwonee, hakuwa tapeli wa kujijua. Alichokisema alikiamini, na balaa la watu wa aina hiyo ni kwamba huwezi kuwaona uongo machoni, kwa sababu haumo.

"Jamani, akili za watoto hawa ni nzima kabisa!" Marcelina aliwaambia watu. "Tatizo ni umetaboli. Chakula kinaingia, mwili hausagi, kinageuka sumu, sumu inapanda kichwani. Ukiufungua umetaboli, mtoto anaongea. Haya, mama Majidi, mwanao anakula nini?"

Ummy alitamani adanganye. "Ugali wa muhogo na mawese."

"Na nini kingine?"

"Basi. Hicho tu."

"Asubuhi, mchana na jioni?"

"Hali kingine."

Kuna waliocheka. Marcelina hakucheka, alifumba macho kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. "Mawese! Mafuta yanaganda kwenye sufuria mnayaona, mnadhani kichwani kwa mtoto yanafanya nini?"

Watu wakapiga makofi. Ummy akarudi kitini uso umemwiva kwa aibu, na mwanamke aliyeketi kando yake akasogeza mkoba wake kidogo, kana kwamba usonji unaambukiza. Alipotoka pale alikuwa amebeba kopo moja la unga mweupe. Hereni zake za dhahabu za harusi zilikuwa zimekwisha kwenda kwa sonara, na mumewe Iddi ndiye aliyezipeleka.

Nyumbani kwao Buzebazeba kulikuwa na madumu mawili ya mawese. Kubwa lilikuwa la watu wote. Dogo, lililofungwa utepe wa kanga kwenye mkono wake, lilikuwa la Majidi peke yake. Mafuta yake aliyakamua Bi Mwasiti, mama yake Iddi. Chikichi alizichagua kwa mkono, akazichemsha kwenye pipa, akazikamua kwa ile mashine ya kuzungusha iliyokuwa uani, kisha akayachemsha mafuta tena na kuyaengua ya juu tu, akayachuja kwa kitambaa mara ya kwanza na ya pili. Ukiligeuza dumu la Bi Mwasiti juu chini, hukuti mashapo. Wakamuaji wenzake wa Ujiji walimtania kwamba mafuta yake mtu anaweza kujitazamia akapaka wanja. Alikuwa mpole katika mambo mengi, lakini kumwambia kwamba mafuta yake yana mashapo ilikuwa ni kumtukana.

Yeye mwenyewe hakuyala tena. Kliniki ilimkataza kwa sababu ya presha, akatii, akawa anayapika kwa kunusa na kutazama rangi. Majidi ndiye aliyekula kwa niaba yake. Mtoto alikaa mkekani ameuelekea ukuta, akivuma mvumo wake uleule wa puani, naye bibi akaketi ubavuni kwake.

"Mume wangu, karibu," alimwambia, maana mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume tu. Alifinyanga tonge dogo, akalibonyeza kwa kidole gumba, akajaza mawese kwenye kishimo, akalitia kinywani. Majidi hakutaka sahani wala kijiko. Hakutaka mkono mwingine wowote, hata wa mama yake. Hilo lilimuuma Ummy kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu, na huenda yote yaliyofuata yalianzia hapo.

"Nani huyo aliyesema mafuta yangu ni sumu?" Bi Mwasiti aliuliza jioni ile, kopo likiwa katikati yao.

"Hakusema yako, Mama. Kasema mawese."

"Na humu ndani mawese ni ya nani?"

"Umetaboli wake umefungwa, Mama."

"Umeta nini?"

"Mwili wake hausagi chakula."

"Hausagi! Anakwenda chooni kila siku, na anayemtawaza ni mimi. Ningeona." Bi Mwasiti alilisukuma kopo kwa kisigino cha mkono. "Mpeni huo unga wenu kwenye maji."

"Tumempa. Katema."

"Basi mwachieni. Ummy, nisikilize mwanangu. Chakula cha mtoto huyu hakiguswi. Duniani humu anakula kitu kimoja tu. Mkikichezea hicho, kesho mtamlisha nini?"

Iddi alikuwa ameinamia kanzu ya mteja, akishona kifungo. Alikuwa fundi cherehani sokoni, mtu asiyependa kelele, na wasiopenda kelele mara nyingi huwaachia wengine kazi chafu. "Mama, hereni zimeshauzwa," akasema. Baadaye, Bi Mwasiti alipokwenda kutawadha, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Njia utaijua wewe. Wewe si ndiye mama yake?"

Asubuhi Bi Mwasiti alikwenda kwenye hitima kwa jirani. Ummy akalipasha dumu dogo kwenye maji ya moto mpaka mafuta yakalainika, akamimina unga ndani. Marcelina alisema kijiko kimoja kwa siku. Ummy alipiga hesabu ya haraka kwamba dumu lile lingekaa mwezi mzima, akatia karibu nusu ya kopo. Akafunga kifuniko, akalitikisa kwa nguvu zote, kisha akalirudisha mahali pake na kuuweka ule utepe ulivyokuwa. Marcelina alikuwa amemwapia kwamba unga ule hauna harufu wala ladha. Moyoni Ummy alikuwa tayari akimsikia Majidi akisema "mama". Alikuwa ameshaisikia hata sauti yenyewe, nyembamba, yenye kitembe kidogo, na alikuwa ameshalia kwa furaha pale jikoni peke yake.

Mchana bibi akaketi mkekani. "Mume wangu, karibu."

Majidi alipokea tonge, akatafuna mara moja, na mvumo wake ukakatika. Akafungua kinywa, akaliacha tonge lianguke mapajani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya: akageuka na kutazama. Hakumtazama bibi usoni. Aliutazama mkono wake, kidole gumba kile kilichong'aa kwa mafuta, akakitazama kwa muda mrefu. Akakinusa. Kisha akainuka, akaenda kusimama nyuma ya mlango.

"He! Mume wangu kanikimbia," Bi Mwasiti akacheka.

Jioni hakucheka. Siku iliyofuata alipika ugali mpya na mafuta ya dumu kubwa, Majidi akaziba macho kwa viganja alipoiona tu ile rangi nyekundu. Bi Mwasiti akaomba chikichi kwa jirani, akakamua mafuta mengine mapya kabisa, na presha yake, na jua lote lile. Mtoto hakutaka hata kukaa kwenye mkeka ule tena. Mkono wa bibi yake ulipomkaribia alijirudisha nyuma mpaka akagonga kichogo ukutani.

Ummy alikuwa amesimama mlangoni akiona yote hayo. Hapo ndipo ilipompasa kusema. Neno lilikuwa fupi na wa kumwambia alikuwa mbele yake, ameshika bakuli. Akasema, "Labda ana homa, Mama," akatoka kwenda kumpigia simu Marcelina.

Marcelina alikuja na koti lake, akamtazama mtoto kwa mbali, akatabasamu.

"Hongereni! Hii ni dalili nzuri sana. Mwili umeanza kuikataa sumu."

"Lakini hali kitu," Ummy alisema. "Maji tu, na juzi kipande cha muhogo mkavu."

"Anajisafisha. Nani alikuwa akimlisha?"

Ummy na Iddi wakamtazama Bi Mwasiti. Marcelina akapiga goti kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Mimi sikulaumu hata kidogo. Hukujua."

"Marahaba. Sikujua nini, mwanangu?"

"Haya mafuta. Miaka yote hii yamekuwa yakimjaa mwilini. Sasa kaanza kupona ndiyo maana anayakimbia. Na wewe mwenyewe nasikia kliniki wamekukataza, si kweli?"

Kama Marcelina angemtukana, Bi Mwasiti angemjibu. Lakini kliniki kweli walimkataza, na hilo lilikuwa limekaa moyoni mwake siku nyingi bila kupata maelezo ya kumtosha. Sasa limeyapata. Kitu kilichokuwa kibaya kwake, mtu mzima, alikuwa akikitia kinywani mwa mtoto kila siku kwa kidole chake mwenyewe. Aligeuza viganja vyake akavitazama, vile vilivyoingia kwenye mikunjo rangi ya mawese isiyotoka kwa sabuni.

"Mungu anisamehe," akasema.

Iddi akakohoa. "Mama, labda ungekwenda kupumzika kidogo kwa dada Bangwe. Mpaka mtoto atulie."

Kupumzika! Kuna watoto wa kiume wanaomtoa mama yao nyumbani kwa neno zuri kama hilo, na usiku wakalala usingizi. Iddi hakumuuliza mkewe kama aliweka unga mahali popote. Angeuliza, angejibiwa, na hakutaka kujibiwa. Bi Mwasiti alifunga nguo zake kwenye kitenge. Ummy alikuwa akikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena, na hakuinua macho mpaka mlango ulipofungwa.

Siku chache baadaye Iddi aliliona lile dumu dogo pembeni, limekaa tu. "Mtu mzima hayawezi kumdhuru," akasema, akalifunga kwenye baiskeli, akampelekea dada yake Bangwe apikie maharage. Ummy wakati huo alikuwa kwenye foleni ya hospitali, amembeba mgongoni mtoto wa miaka saba aliyekuwa mwepesi kama wa mitatu.

Walimlaza Majidi, wakampitishia mpira puani. Ilibidi wauguzi wanne wamshike, na alilia kwa sauti ambayo Ummy hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. Wodi nzima ilitazama. Kitanda cha jirani kilikuwa cha mwanamke mmoja kutoka kambi ya wakimbizi, anaitwa Révérienne, aliyekuwa na mtoto wa utapiamlo.

"Ihangane, mama," Révérienne alimwambia, akimpa pole kwa Kirundi, akamsogezea kigoda chake.

Baada ya wiki moja hivi ofisa lishe, dada mmoja aitwaye Esther, alikuja na majibu ya damu. Alizungumza bila haraka, na Ummy alitamani angemfokea.

"Alikuwa anakula nini kabla ya kugoma?"

"Ugali wa muhogo na mawese."

"Mawese mekundu ya hapa kwetu? Hayo yana vitamini A, ndiyo yaliyomlindia macho. Kwa mtoto anayekula vitu viwili, alikuwa na bahati kimoja kikawa hicho." Esther alifunua karatasi. "Damu yake ni kidogo, ndiyo. Kuna vitu alivikosa. Mngemleta tukapima, tungempa matone ya madini ya chuma pembeni, pole pole. Usonji wenyewe usingeondoka, mama, nisikudanganye, lakini angekuwa na nguvu."

"Kuna unga wa kufungua umetaboli," Ummy alisema kwa sauti ndogo.

"Virutubisho vina kazi yake, kwa aliyepimwa akaonekana amepungukiwa nini. Hakuna unga wa kufungua mdomo." Kisha Esther akamtazama. "Nikuulize jambo. Watoto hawa wanakiamini chakula chao kwa ladha ileile na rangi ileile. Kikibadilika mara moja, wengine hawakirudii tena maisha. Kuna mtu alitia kitu kwenye chakula chake?"

"Hapana," Ummy akajibu, upesi mno.

Esther aliikunja karatasi yake. "Sawa. Na aliyekuwa akimlisha yuko wapi?"

"Yuko Bangwe. Anapumzika."

"Mleteni. Huenda akakubali kwake."

Ummy alikwenda Bangwe kwa miguu, njia nzima akipanga maneno. Angesema daktari kayasifu mafuta. Angesema tulikosea, Mama, turudi. Mengine angeyaacha yalivyo. Nani angepungukiwa na kitu?

Alimkuta Bi Mwasiti ameketi kwenye baraza ya binti yake, ziwa likionekana nyuma ya nyumba. Mbele yake palikuwa na sinia, na juu ya sinia lile dumu dogo lenye utepe, limekatwa kwa kisu katikati. Kwenye kitako chake ulikuwa umelala utope mweupe, mnene, unaonata.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Ummy hakukaa.

"Wifi yako kapika maharage wiki nzima," Bi Mwasiti alisema. "Leo dumu limefika chini, mafuta hayatoki. Akaniita. Mama, mbona mafuta yako yana mashapo?" Alichovya kidole kwenye ule utope, akausugua taratibu. "Mwaka wa ngapi huu nakamua? Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo."

"Mama..."

"Nilidhani ni ukungu. Nikanusa. Nikaonja, presha na iwe. Unajua yana nini? Yana utamu, Ummy. Utamu kwa mbali sana. Sisi watu wazima kinywa kimekufa, hatuusikii. Yeye aliusikia kwenye tonge la kwanza."

Ummy akaanguka magotini, akamshika miguu. "Nilitaka aongee, Mama. Nilitaka aniite tu, hata mara moja."

Bi Mwasiti hakumwondoa, wala hakumgusa. "Mimi nimekesha nikimwomba Mungu msamaha," akasema. "Kila usiku. Nikimwambia, Mola wangu, nimemlisha mtoto sumu kwa mkono wangu huu. Kumbe nilikuwa naomba kwa niaba yako, na wewe unajua, na umelala."

Ummy alilia mpaka kanga ikalowa. Bi Mwasiti alipomaliza kumsikiliza akauliza jambo moja tu. "Anakula nini sasa?"

"Kwa mpira. Daktari kasema uje. Kasema mafuta yako ndiyo yaliyomlindia macho."

"Iddi anajua?"

"Hajui lolote."

Bibi aliinuka kwa kujishika kiunoni, akaingia ndani kupika ugali. Mafuta yalikuwapo mengine, yale mapya aliyoyakamua siku za mwisho Buzebazeba, alikuja nayo kwenye kichupa ndani ya kitenge chake cha nguo.

Wodini alinawa mikono kwenye bomba kwa sabuni, akanawa tena, akapanda juu ya kitanda kwa shida na kuketi ubavuni kwa mjukuu wake, wote wawili wameuelekea ukuta. Majidi alikuwa amekonda, shingo imekuwa kijiti, mpira umebandikwa shavuni kwa plasta. Esther alisimama miguuni pa kitanda. Révérienne aliacha kumbembeleza mwanawe akatazama.

"Mume wangu, karibu," Bi Mwasiti alisema.

Akafinyanga tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akajaza mafuta. Alilileta taratibu, akalisimamisha mbali kidogo na kinywa ili mtoto aamue mwenyewe. Majidi aliutazama mkono. Akainama, akanusa. Kwa kitambo mvumo wake ulisikika, hafifu, na Ummy akaziba mdomo wake kwa kiganja.

Kisha mtoto akaushika mkono wa bibi yake kwa mikono yake miwili, akausogeza pembeni, akauweka juu ya goti la bibi mwenyewe, akaachia. Akageuza uso ukutani.

Bi Mwasiti alilitazama tonge lililobaki mkononi, akalitia kinywani mwake, akalitafuna mpaka likaisha. "Basi," akawaambia wanawake waliokuwa wakitazama, akicheka kidogo, "mume wangu kanipa talaka." Baadhi yao wakacheka naye kwa kumhurumia.

Iddi aliingia wakati huohuo, futi yake ya kupimia nguo bado iko shingoni. Aliliona bakuli, akaiona ile rangi nyekundu, akapandisha sauti mbele ya watu wote.

"Mama! Mafuta yako tena? Si tulikwambia? Si ndiyo haya yaliyomfikisha hapa?"

Bi Mwasiti hakumjibu mwanawe. Alimtazama Ummy. Hakumtazama kwa ukali. Alimngoja tu, kama mtu anavyomngoja mwingine apite kwanza mlangoni. Esther naye akamtazama Ummy. Ilitosha aseme neno moja, hata lile jepesi, kwamba daktari kayasifu mafuta. Lakini Ummy alijua swali litakalofuata: basi kwa nini mtoto aligoma? Aliinama akaanza kuinyosha shuka ya Majidi. Akaipapasa kunjo moja, ikanyoka, akatafuta nyingine.

Bi Mwasiti akangoja mpaka ilipoonekana wazi kwamba hakuna kitakachosemwa.

"Kweli, baba," akamwambia Iddi. "Ni mafuta yangu. Yalikuwa na mashapo."

Akashuka kitandani, akachukua bakuli lake, akaenda bombani kuliosha.